Maganda Aliyoyatupa, na Simu Ambayo Hakuipiga

Ujumbe wa binti wa rafiki yangu mmoja ulinifikia Jumatano asubuhi nikiwa kwenye treni ya kutoka Akalla, umeandikwa kwa Kiswidi kama watoto wetu wanavyoandika, kwamba mama yake amelala. Nami, pamoja na miaka yangu yote hapa Stockholm, nikausoma hivyo hivyo: amelala, basi apumzike. Zilipita stesheni tatu ndipo nikakumbuka kwamba Waswidi husema hivyo mtu anapofariki kwa utulivu. Tangu hapo akili yangu haijatulia, wasomaji wangu, na si kwa sababu ya msiba peke yake.

Marehemu alikuwa Mkenya aliyeishi Tumba, kitongoji cha Stockholm, fundi wa meno ya bandia, mjane wa Mswidi aliyemwachia bunduki ya kuwindia na meza ndogo ya kujazia risasi upya. Wengi wetu tungeviuza. Yeye alisoma, akafaulu mtihani wa uwindaji, akapata kibali, akaketi kwenye meza ile. Siku moja alinionyesha kazi yenyewe. Ganda la shaba likishapigwa hutolewa fataki iliyokwisha, yaani kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, hurudishwa umbo lake, kisha hutiwa fataki mpya, baruti na kichwa cha risasi. Lakini kila linapopigwa, shaba huvutika, na karibu na kitako huzidi kuwa nyembamba. Kwa nje huoni kitu, linang'aa tu. Alichukua waya mwembamba uliopindwa ncha, akauingiza ndani ya ganda na kuuvuta taratibu. Waya ukikwama, kuna mfereji ndani, na ganda hilo siku moja litakatika vipande viwili ndani ya bunduki na moto umrudie mpigaji usoni. Alinipa nijaribu. Sikuhisi chochote. Akacheka, akasema vidole vyangu vimezoea kalamu.

Alikuwa akiwajazia risasi wenzake wa kikundi alichowinda nacho mumewe. Vuli moja, siku chache kabla ya msimu wa kuwinda älg, yule mnyama wa msituni mwenye kimo cha farasi, waya wake ulikwama katika ganda moja, kisha katika la pili. Maganda ya fungu lile yote yalikuwa yamepigwa idadi ile ile ya mara, kwa hiyo aliyatupa yote yaliyobaki. Kiongozi wa kikundi, fundi umeme mstaafu, alimcheka mbele ya wenzake. Alisema mumewe hakuwahi kutupa shaba inayong'aa, na kwamba yeye mwenyewe bado ana boksi la risasi alizojaziwa na mama huyu miezi michache nyuma, litamtosha. Dada yetu akarudi nyumbani. Asubuhi ya kwanza ya msimu, ganda lilikatika ndani ya bunduki ya yule mzee. Miwani iliokoa macho yake, shavu likaungua.

Baadaye mzee alimwendea na keki, bandeji usoni, akamwomba radhi mbele ya kikundi kizima. Tangu siku ile hakuna aliyejaza ganda bila kumuuliza mama huyu. Hadithi yake niliisimulia mara nyingi, hata kwa vijana wa mtaa wa Bredäng, kama mfano wa mtu makini aliyedharauliwa kisha akaonekana yuko sahihi. Mwaka jana, akiwa tayari mgonjwa, nilimkumbusha hadithi hiyo jikoni kwake nikidhani namfurahisha.

"Boksi lake lilitoka kwenye fungu lile lile," alisema. "Nilijua tangu aliposema analo."

Nikamuuliza mbona hakumwambia.

"Alikuwa amenicheka. Nikasema moyoni, acha ajionee. Simu ilikaa hapa mezani siku tatu, ndugu yangu, na sikuigusa."

Hakuniomba nimfichie siri, wala hakuniomba niiseme. Aliniuliza kama chai inahitaji sukari zaidi.

Sijui nimweke wapi mtu huyu. Vidole vyake vilikuwa vya uangalifu kuliko vya yeyote ninayemjua, na kwa siku tatu aliuacha uangalifu huo umfae yeye peke yake. Ningependa kumlaumu, lakini mimi mwenyewe, kwenye ghala nililofanyia kazi zamani, niliwahi kuona rafu imelegea nikanyamaza, kwa kuwa asubuhi ile wenzangu wa kazi walikuwa wameiga lafudhi yangu kwa kejeli. Rafu haikumwangukia mtu. Hiyo ni bahati yangu, wala siwezi kuiita tabia njema. Wahenga walituhimiza tuzibe ufa. Hawakutuambia tufanyeje ufa ukiwa kwenye nyumba ya aliyetudhihaki.

Kwenye kahawa ambayo Waswidi hunywa pamoja baada ya mazishi, yule mzee aliketi kando yangu, kovu dogo chini ya jicho. Alisema mwanamke yule aliokoa macho ya watu wengi, akaniuliza nami namkumbuka kwa lipi. Nilijibu kwamba alikuwa mwangalifu. Mzee akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimlengalenga, nami nikashindwa kujua kama nimemtendea haki au nimerudia kosa la marehemu.

Katika kuchanganyikiwa kwangu nimepata jambo moja tu la kuwapa. Hatari uliyoiona wewe peke yako, iseme siku hiyo hiyo, na umwanze yule aliyekucheka, maana huenda ndiye atakayeibeba bunduki.