Miche Iliyohesabiwa Getini

Mama yangu mdogo alikuwa karani wa idara ya mazingira katika halmashauri yetu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kusikia kwamba alikosea hesabu. Mwenyewe alikuwa akisema hana kipaji kingine: akipika anaunguza, akiimba anatisha watoto, lakini mwekee mbele rundo la kitu chochote, atakuambia ni vingapi. Wenzake walimwita Bi Jedwali. Jina lilianza kama utani, likaishia kuandikwa hata kwenye bahasha za ofisini.

Ndiye aliyenilea tangu mama yangu, dada yake, alipofariki nikiwa darasa la tatu. Nalisema hilo mapema ili msomaji ajue nilisimama dhidi ya nani siku ya mkutano nitakaousimulia.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo ya mabomba na choo cha wageni. Ukutani alikuwa amebandika karatasi nne kubwa zilizounganishwa kwa gundi: mpango wa halmashauri wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Mistari thelathini na moja, kila mstari shughuli moja. Kuzibua mitaro. Kuweka matangi ya maji ya mvua shuleni. Kupanda miti kwenye mlima ulio juu ya soko. Kila baada ya miezi mitatu alipanda juu ya kiti akapaka rangi kwenye visanduku: kijani kwa kilichokamilika, njano kwa kinachoendelea, nyekundu kwa kilichokwama. Kalamu ya kijani iliisha kila mwaka. Ya nyekundu ilikuwa ileile tangu mpango uanze.

Mstari ukishapata kijani, unaondolewa kwenye mpango wa mwaka unaofuata. Umekwisha, hauzungumzwi tena. Na mstari wa kumi na nne, ule wa mlima, ulipimwa kwa idadi ya miche iliyotoka kitaluni. Si iliyopandwa. Si iliyoshika. Iliyotoka. Mama mdogo alikaa kwenye stuli getini pa kitalu na ubao magotini, akipiga vijistari vitano vitano, na lori likishapita geti, kazi ya halmashauri imekwisha. Miche elfu nne, mia mbili na sabini ilitoka. Lengo lilikuwa elfu nne. Kijani.

Mimi nilirudi kutoka chuo mwaka uliofuata, nikiwa na shahada, hasira, na vijana wenzangu kumi wa mitaa mingine, wasioijua familia yangu, walioniita Msomi. Jumapili moja tukapanda mlima kwenda kuiona hiyo miti. Chini ya mteremko kuna nyumba kama sitini, kuta zake za nyuma zimeingia ndani ya udongo. Mvua za mwaka juzi zilishusha tope hadi madirishani mwa nyumba tatu, kwa hiyo miti ile haikuwa mapambo. Tulikuta mashimo, mengi yameanza kujifukia, na hapa na pale mche mmoja mmoja uliojitahidi. Miche mingine tuliikuta nyuma ya stoo ya shule ya msingi: mamia kwa mamia, ingali kwenye viriba vyake vyeusi vya plastiki, imekauka ikasimama kama vijiti vya mswaki.

"Lori lilikuja wiki ya likizo," mlinzi wa shule akatuambia. "Dereva kaniambia saini hapa. Nikasaini. Sasa mlitaka nipande miche elfu nne peke yangu? Mimi na nani, mbwa?"

Vijana walicheka. Mimi nilichukua mche mmoja mkavu na kiriba chake.

Jedwali lilikuwa limebandikwa pia kwenye ubao wa matangazo nje ya halmashauri. Kesho yake nikaenda kulisoma. Mstari wa kumi na nne, 4,270. Ile saba ilikuwa na mkato tumboni. Ni saba hiyohiyo iliyokuwa ikinisahihisha kwenye madaftari yangu ya hesabu nilipokuwa mtoto.

Nitasema ukweli: nilijua. Sikudanganyika hata kidogo. Nilijiambia kwamba ukweli hauna shangazi wala mama mdogo, nikaipenda sentensi hiyo, nikairudia njia nzima hadi nyumbani. Siku tatu zilizofuata tulikula meza moja.

"Mbona unakula kama unafukuzwa?" aliniuliza.

"Nina mkutano, mama mdogo."

"Haya, baba. Lakini tafuna. Mkutano hautakusaidia kutafuna."

Ulikuwa mkutano wa mapitio ya mpango, katika ukumbi wa halmashauri. Madiwani mbele, wakuu wa idara kushoto, sisi wananchi nyuma. Mama mdogo alikaa karibu na mlango na daftari la mahudhurio. Nilipoingia nilisaini mbele yake, akanitengenezea kola ya shati.

Niliposimama kuzungumza niliunyanyua ule mche juu. Nilisema watu wa chini ya mlima wanalala na tope kisogoni huku halmashauri inapaka rangi ukutani. Nilisema elfu nne na mia mbili na sabini ni idadi ya maiti. Ukumbi ulinguruma. Nikanogewa. Ndipo nikasema lile neno ambalo nikilikumbuka hadi leo, hata nikiwa peke yangu, nageuza uso: "Nani alijaza jedwali hili? Tunataka ajitokeze!"

Mkuu wa idara ya mazingira hakuhitaji hata kufikiri. Alifuta jasho shingoni, akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, takwimu zote huandaliwa na karani."

Mama mdogo akasimama.

"Nilijaza mimi."

"Na uliihesabu miche hii?" mwenyekiti akauliza.

"Niliihesabu, mheshimiwa. Getini."

"Ilikuwa inaaga, siyo?" mtu mmoja akapaza sauti nyuma, na ukumbi mzima ukacheka. Mwingine akadakia: "Bi Jedwali mpe brashi, atapaka kijani mpaka jangwa!" Rafiki yangu mmoja akanipiga begani: "Msomi, umewamaliza!" Mama mdogo hakunitazama. Aliutazama mche mkononi mwangu, kwa makini, kama anauhesabu.

Mwenyekiti akaamua hivi. Karani aandike maelezo. Na kamati ya madiwani itakayokaa Ijumaa ya wiki ijayo iletewe hesabu mpya ya mlimani, iliyofanywa mbele ya shahidi asiye mtumishi wa halmashauri. Hesabu isipokuja, takwimu iliyopo ibaki kama ilivyo, kwa kuwa hati ya kupokea miche imesainiwa. Maana yake kila mtu aliielewa: mstari ukibaki kijani, mlima unatoka kwenye mpango, na zile nyumba sitini zinabaki na bahati yao.

Asubuhi yake nilimkuta jikoni amesimama, chai imepoa mbele yake. Niliandaa maneno mengi ya kujitetea. Hakuniruhusu nianze. Aliweka mezani daftari la shule lenye jalada la bluu.

Ndani yake kulikuwa na Jumamosi tatu za mwaka uliopita. Alikuwa amepanda mlima peke yake, akahesabu miche hai, safu kwa safu. Mia tatu sitini na mitatu. Chini yake alikuwa amenakili barua fupi aliyompelekea Mkuu wa idara, na tarehe, na nyingine ya kumkumbusha, na tarehe.

"Alijibu nini?"

"Alisema jedwali halina kisanduku cha miche hai. Ni kweli, halina. Akaniambia nipake kijani, nikapaka."

"Kwa nini jana hukusema? Ulikuwa na ushahidi! Ungewaumbua wote pale pale!"

"Ulichosema wewe kilikuwa kweli," alisema. "Nilipanda kwenye kiti kwa miguu yangu. Hakuna aliyenishika mkono." Akakunja kanga yake, akaikunjua. "Mwaka mzima nimekuwa nikipita chini ya ule mlima nikitazama upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo usidhani wewe ndiye umeniaibisha. Uliikuta aibu iko tayari, ukaitangaza tu."

Nililifunga lile daftari polepole.

"Ila ungeniuliza," akaongeza. "Tunakula wote kila siku. Ungesema, mama mdogo, ile saba ni yako? Ningekupa daftari."

Nilikuwa nimesomea namna ya kuhoji taasisi, nimefaulu vizuri kabisa, na sikuwa nimewahi kumuuliza mtu aliyenifulia sare za shule swali moja kuhusu kazi yake.

"Kamati inataka shahidi asiye mtumishi," alisema. "Wewe si mtumishi wa mtu. Jumatano uvae viatu."

Tulihesabu Jumatano, kuanzia saa moja asubuhi. Alikuwa amechana shuka kuukuu vipande vyembamba. Kila mche hai tuliufunga kipande kimoja, ili usihesabiwe mara mbili. Yeye alianzia upande wa soko, mimi upande wa shule, kisha tukabadilishana pande na kuhesabu upya. Alinirudisha nyuma safu nzima kwa sababu niliuhesabu mche wenye jani moja bila kulikuna shina lake kuona kama ndani kuna ubichi. Haukuwa na ubichi. Watoto wa nyumba za chini walitufuata wakidhani tunapima viwanja.

Adhuhuri tuliketi kwenye jiwe tukajumlisha. Mia tatu arobaini na mmoja.

Alijumlisha tena. Ikatoka hivyohivyo.

"Ishirini na miwili imekufa tangu mwaka jana," alisema.

Mimi nilikuwa nimeshaona mbele. Barua yake ya mia tatu sitini na mitatu ilikuwa kwenye faili la Mkuu wa idara. Ijumaa angeichomoa, aweke namba mbili mezani, aseme: karani wenu huyo huyo, mlima huo huo, hesabu mbili. Angemmaliza nazo. Nilikuwa nimeshamwangusha mara moja mkutanoni.

"Tuandike mia tatu sitini na mitatu," nikasema. "Tofauti yenyewe ndogo. Nani atapanda huku kuja kuhesabu?"

Aliacha kufuta jasho.

"Rudia."

Sikurudia.

"Mkuu aliniambia maneno hayohayo," alisema. "Nani atapanda huku. Hata sauti aliishusha hivyohivyo." Akaufunga ukurasa. "Karibu ofisini kwetu, baba."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeweza kuibeba. Alisema kama mwenyeji anayemsogezea mgeni kiti. Nami nilijiona: yule kijana wa mche mkononi, siku chache tu baada ya kupigiwa makofi, ameketi juu ya jiwe anapika takwimu, tena kwa upendo. Sasa nadhani hivyo ndivyo wengi wa wakubwa wa ofisi zile walivyoanza, kila mmoja akiwa na mtu wa kumlinda. Sisemi ili niwasamehe. Nasema kwa sababu kabla ya siku ile niliamini wao ni aina nyingine ya watu.

Aliandika 341. Nikasaini chini yake.

Ijumaa mambo yakaenda kama nilivyoogopa. Mkuu wa idara alitandika namba mbili mezani na kusikitika kwa sauti ya upole kwamba karani amechoka, umri nao, tumwonee huruma. Diwani mmoja mama, aliyewahi kuwa muuguzi, akamkatiza: "Mheshimiwa, kitu kikiwa kinakufa hesabu yake si inapungua? Au hospitali niliyofanyia kazi mimi ilikuwa tofauti?" Wachache wakacheka, lakini daftari la bluu likapitishwa mkono hadi mkono, na mlangoni walikuwa wamesimama watu wa chini ya mlima.

Kamati ikakubali mia tatu arobaini na mmoja. Mstari wa kumi na nne ukawa mwekundu, mlima ukarudi kwenye mpango, na kuanzia mwaka unaofuata miti itahesabiwa ikiwa hai, baada ya misimu miwili ya mvua. Katika azimio la mwisho, lililosomwa haraka, karani wa mazingira alihamishiwa ofisi ya leseni za vibanda vya soko kuanzia Jumatatu. Mkuu wa idara alibaki na kiti chake.

Vijana wenzangu walikuwa wananisubiri nje ya geti. Walipiga makofi waliponiona, wakaanza kuliimba lile jina la Msomi, mmoja akataka kuninyanyua. Nyuma yangu mama mdogo alikuwa anatoka na boksi la vitu vyake: faili mbili, kikombe, sweta la ofisini.

"Subirini," nikawaambia. "Karani yule wa mstari wa kumi na nne ni mama yangu mdogo. Ndiye aliyenilea. Mwandiko wake niliujua kabla ya mkutano, na sikumuuliza."

Makofi yakafa moja moja.

"Ulijua?" akauliza yule aliyenipiga begani.

"Nilijua."

Hakuna aliyejua amtazame nani. Mama mdogo akatufikia, akasimama, akahema.

"Mmesimama tu hapo kumi na moja," alisema, "na mimi nabeba boksi?"

Nikalipokea. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.