Jinsi Nilivyomfundisha Mama Nchi Jirani

Mama alipoitwa kuhojiwa ili apate kitambulisho cha taifa, nilifanya kile ambacho mtu mwenye shahada ya historia hufanya anapokutana na tatizo la kweli: nilitafuta ramani.

Kijiji chao, huko bondeni Momba, kilikuwa kinapimwa mashamba. Kila mwenye shamba angepewa hati ya kimila yenye jina lake, na jina halikuandikwa bila namba ya kitambulisho. Mama alilima shamba lile na baba tangu walipooana, na baba alipofariki akaendelea kulilima na mdogo wangu wa kike. Kadi ya kliniki alikuwa nayo, na ya kanisa pia. Kitambulisho hakuwa nacho, kwa sababu kila watu walipotangaziwa kujiandikisha, yeye alikuwa na magugu.

"Watakuuliza maswali," nilimwambia. "Majina ya viongozi, nchi zinazotuzunguka, mambo hayo."

"Nani kakwambia?" mdogo wangu aliuliza.

"Inajulikana."

Ilijulikana kwangu tu. Lakini Jumamosi iliyofuata nilitoka Tunduma, ninakoishi, na atlasi ya shule ya binti yangu kwapani, nikakaa jikoni kwa mama kama profesa. Yeye alichambua maharage, mimi nikataja nchi. Tuliendelea hivyo Jumamosi nne.

Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na nasema hivyo nikijua wengi wao wanaweza kuyasoma haya. Zambia, Lusaka. Malawi, Lilongwe. Nchi jirani zilipokwisha nilipaswa kunyamaza, ila mtu aliyezoea kulipwa kwa kusema hajui pa kuishia. Nikavuka hadi Misri ya kale.

"Hao waliojenga makaburi makubwa hivyo," mama alisema, "nani aliwapikia?"

"Walikuwepo waoka mikate."

"Wangapi?"

Nikakimbilia Mto Nile, jinsi ulivyofurika kila mwaka na kufunika mashamba kwa tope jeusi. Mama akaacha maharage.

"Maji yakishuka, nani anajua shamba la nani linaishia wapi?"

"Walikuwa na wapimaji. Walipima kwa kamba."

"Na mjane? Mjane naye walimpimia?"

Nilisema nitaangalia kitabuni. Sikuangalia.

Jumamosi ya mwisho aliweka kidole kwenye ramani, karibu na Tunduma, akauliza wajomba zangu wako wapi hapo. Nikamsogezea kidole kidogo tu, kusini.

"Hapo ni Zambia," nikasema.

"Hapo ni kwa wajomba zako," akasema.

Maana kwao msichana hujifungua mtoto wa kwanza kwa mama yake. Bibi yangu aliolewa upande huu, mimba ya kwanza ilipokaribia akarudi kwa mama yake upande ule, akazaa, akapumzika miezi michache, akarudi kwa mume na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ni mama. Maisha yake yote, aliyemuuliza alizaliwa wapi alijibiwa "kwetu," na huku kwa Wanamwanga, kabila letu, hakuna aliyeona kwamba jibu hilo lina upungufu. Upungufu niliuona mimi. Nikamweleza Wajerumani na Waingereza walivyoligawa kabila moja kwa mstari, na kwamba sehemu aliyozaliwa ina jina, na jina hilo ni la nchi.

"Kaka, mwache mama," mdogo wangu alisema. "Aseme alivyosema siku zote."

"'Kwetu' si jibu. Ni hisia."

Sentensi hiyo mdogo wangu huirudia hadi leo, hasa mbele ya wageni.

Ofisini tulipokewa na dada mmoja kijana, mpole, aliyemwamkia mama kwa kuinuka kitini. Hakuuliza kiongozi yeyote wala makao makuu ya nchi yoyote. Aliuliza ukoo, mahali alipozikwa baba yake, majina ya majirani wa shamba. Mama alijibu bila kupumua. Kisha dada akauliza, huku akiandika, "Na ulizaliwa wapi, bibi?"

Nilikuwa kwenye benchi nyuma ya mama. Niliuona mgongo wake ukinyooka, kama ulivyonyooka kila Jumamosi alipolijua jibu.

"Zambia," alisema. "Ila wakati huo ilikuwa bado haijaitwa hivyo. Makao makuu yake Lusaka."

Kalamu ilisimama. "Zambia, bibi?"

"Ndiyo, mwanangu." Akanigeukia kuona kama amepata.

Niliinuka kueleza. Nilianza na Wajerumani. Dada alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wanafunzi wangu hawajawahi kunifanyia.

"Kaka, historia hiyo naijua, tulisoma," alisema. "Lakini bibi mwenyewe ndiye aliyesema. Siwezi kuandika kingine."

Akaandika. Maombi yangepelekwa juu yakachunguzwe, mashahidi wangehitajika, na hakuweza kutuambia ni lini. Hakuwa mkali. Ningependa awe mkali, nipate mtu mwingine wa kumlaumu.

Njiani mama aliuliza, "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mama."

"Basi mbona sijapewa?"

Wapimaji walifika kijijini kabla ya majibu. Mwenyekiti akasema shamba haliwezi kubaki bila jina, liandikwe kwa muda jina la mtu mwenye namba. Mdogo wangu anayo namba, tena ana sugu za jembe mikononi. Wazee wa ukoo wakasema mtoto wa kiume yupo, na ni msomi. Nilisema wamwandike mdogo wangu. Nilisema mara moja, kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu, kisha nikaweka sahihi chini ya jina langu.

Mwezi uliopita, mvua zikikaribia, nilikwenda kuwasalimu. Mama alinitolea kiti, na yeye hakuketi.

"Baba," aliniita, kama anavyowaita watu wazima wa heshima, "msimu huu nafikiria kupanda karanga upande wa chini. Unaruhusu?"

Mdogo wangu alicheka. Alipoona mama hacheki, akaacha.

"Mama, shamba ni lako."

"Nimesomewa karatasi. Nauliza karanga."

Hata upande wa chini sikuwa na uhakika ni upi. Nilimtazama mdogo wangu anisaidie, naye akainama akaanza kusugua sufuria lililokuwa safi.

"Panda, mama," nikasema.

"Asante, baba," alisema, ndipo akaketi.