Vidole vya Mama Wawili

Kitu cha kwanza ambacho mgeni angekiona kwa Mama Wawili si sura yake wala kimo chake, bali ni vichwa vya binti zake. Mama huyu aliwasuka nusu ya wanawake wa mtaa ule, akawachora mistari iliyonyooka kama iliyopigwa rula, lakini wasichana wake mwenyewe walinyolewa vipara kila nywele zilipojaribu kuchungulia. Mtu akimuuliza, hujibu, "Mganga hajigangi," kisha hucheka kidogo, na aliyeuliza hucheka pia, mambo yakaishia hapo.

Sababu ya kweli alikaa nayo moyoni. Hakutaka binti zake wajue kichana kinashikwaje. Yeye mwenyewe alianza kusuka akiwa na umri wa huyu wake mkubwa, ati amsaidie mama yake mdogo wakati wa likizo tu. Likizo ikaisha, vichwa havikuisha. Darasani hakurudi tena. Kwa hiyo alikuwa ameapa: hawa wawili watashika kalamu, na nywele zao zitaota siku watakapokuwa na uwezo wa kumlipa mtu mwingine azisuke.

Mkubwa alikuwa darasa la tano, mtoto mtulivu, ukimuuliza swali hutazama dari kwanza ndipo akujibu. Mdogo alikuwa darasa la pili, na mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa kuwa hata usingizini aliongea. Baba yao aliondoka kwenda kutafuta kazi. "Bado anatafuta," Mama Wawili huwaambia wanaouliza, "labda ameidondosha mahali."

Walikaa chumba kimoja nyuma ya kiwanda kidogo cha seremala. Asubuhi mama huchemsha chai, huwakatia mkate, hukagua masikio na kucha, halafu huwasindikiza hadi njia panda. Wakitoka shule huja moja kwa moja saluni kwa shoga yake, alikokuwa akisukia, maana chumbani peke yao hapakuwa salama. Huketi kwenye mkeka nyuma ya kiti cha mteja, wakafanya hesabu zao. Masharti yalikuwa mawili: wasiguse kichana, na wasitazame. La kwanza, kwa alivyojua mama, walilitimiza. La pili lingewezekanaje? Macho hayana pazia.

Ganzi ilianza na kidole gumba. Mama Wawili alidhani amelalia mkono. Baadaye ikashuka kwenye kidole cha shahada na cha kati, kisha ikaenea kiganja kizima, mikono yote miwili, na asubuhi akawa hawezi kufunga vifungo vya blauzi yake. Mkubwa akawa anamfungia.

"Mama, mbona unadondosha vikombe siku hizi?" Chiriku aliuliza.

"Vikombe vyenyewe vimechoka na mimi," mama akajibu. "Kunywa chai yako."

Saluni hakumwambia mtu. Msusi asiyehisi nywele ni kama mpishi asiyeonja, nani atamkalia? Alijifunza kusuka kwa macho, akiinama karibu zaidi, na kwa muda mambo yakaenda.

Yalikwama siku ya muuza vitambaa. Huyu alikuwa mteja wake wa miaka mingi, mnene, mcheshi, mwenye kusimulia habari za majirani zake bila kupumua. Alisukwa tangu asubuhi. Jioni, nywele zilipokamilika, ikabaki kazi ya mwisho: kuchovya ncha kwenye kopo la maji ya moto ili zisifumuke. Kila msusi huonja maji kwa kidole kwanza. Mama Wawili akaonja. Akayaona vuguvugu tu, akaongeza ya moto kutoka kwenye birika, akaonja tena, akaona sasa yanafaa. Akachovya ncha zote kwa pamoja, akazitoa, akaziachia zianguke mgongoni.

Muuza vitambaa aliruka kutoka kitini akipiga ukelele, blauzi imemgandia mgongoni.

"Umeniunguza, mama. Umeniunguza."

"Nisamehe, dada yangu. Nimeyaonja. Yalikuwa vuguvugu."

"Vuguvugu gani? Tia mkono wako humo."

Mama Wawili akautia. Akautia wote hadi kifundo, akauacha humo, akimtazama muuza vitambaa usoni kama mtu anayesubiri kuambiwa atoe. Ni mwenye saluni aliyekuja mbio kuushika ule mkono na kuuchomoa. Ulikuwa mwekundu, ngozi imeanza kujikunja. Kwenye mkeka Mkubwa alikuwa amesimama, penseli mkononi, na Chiriku amemshika sketi.

Kule zahanati muuguzi alimfunga bendeji, akamgongagonga vifundo vya mikono kwa ncha ya kidole.

"Mishipa ya fahamu imebanwa hapa," akasema. "Imetokana na kazi yako. Kuna daktari wa mikono anayetutembelea mara mojamoja. Akija, atachana ngozi kidogo, aifungulie njia."

"Atakuja lini?"

"Akija tutakuita, mama. Wewe pumzisha mikono."

Kupumzisha mikono. Aliyabeba maneno hayo hadi saluni, akamkuta mwenye saluni akikunja taulo.

"Shoga yangu, sikufukuzi," mwenye saluni akamwambia. "Tumetoka mbali mimi na wewe. Lakini kichwa cha mtu siwezi kukukabidhi tena. Sasa nisikilize. Yule binti yako mkubwa anaweza."

"Anaweza nini?"

"Kusuka. Hukujua? Mwezi uliopita ulipokwenda msalani, mke wa seremala alikuwa na haraka, mtoto akasimama akasuka mistari miwili. Ukarudi ukaendelea bila kuona tofauti. Mikono yake ni yako ile ya zamani."

Mama Wawili alikaa chini kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho hakuwahi kukikalia.

"Ana shule," akasema.

"Jioni tu. Na Jumamosi. Nani kasema aache shule?"

Nyumbani mama alimuuliza Mkubwa kwa nini alishika kichana, na kama angekubali kusuka jioni; Mkubwa alitazama dari kabla ya kumjibu.

"Nilitaka kukusaidia tu. Na sasa itakuwa mpaka daktari aje, mama. Akikutibu mikono, mimi narudi kwenye vitabu vyangu."

"Na mimi nitakuwa nashika birika," Chiriku akasema. "Mimi nahisi moto vizuri."

Mama Wawili hakucheka. Maneno ya "mpaka" aliyafahamu. Aliwahi kuyasema yeye mwenyewe, kwa sauti nyembamba kama hiyo hiyo.

Jioni ikawa alasiri, kwa sababu kichwa kinachoanza jioni hakimaliziki. Alasiri ikawa Ijumaa nzima, kwa sababu Ijumaa wateja ni wengi. Mwalimu wa darasa alimwagiza Chiriku amuulize mama yake kama dada ni mgonjwa. Chiriku, ambaye hakuwahi kushindwa na maneno, alijibu papo hapo kwamba anayeumwa ni mama, ila dada ndiye anayekunywa dawa. Mwalimu hakuelewa, akaendelea na somo.

Wateja walianza kumwulizia "yule mtoto mwenye mkono mwepesi". Muuza vitambaa alirudi, mgongo umepona, akaketi chini ya mikono ya Mkubwa akiendelea na habari zake pale zilipokatikia. Mama Wawili sasa alifagia, alifua taulo, alichemsha maji lakini hakuyaonja.

"Dunia hii," mteja mmoja alitania, "bosi mtoto, mama mtu mfagizi."

Wote wakacheka. Mama Wawili naye akacheka, akasogeza ufagio chini ya miguu yao.

Kilichomvunja moyo ni kijukwaa. Mkubwa alikuwa mfupi, alisuka akisimama kwa ncha za vidole, kwa hiyo mwenye saluni alimwagiza seremala atengeneze kijukwaa cha kusimamia. Kililetwa Jumatatu: mbao nzito, misumari mirefu, kimepigwa vanishi. Mwenye saluni alikiagiza kwa nia njema kabisa. Lakini Mama Wawili alikitazama akaona kazi ya kudumu. Mtu hatengenezewi kitu imara namna ile kwa wiki mbili tatu. Mtoto akapanda juu yake, akatabasamu kuona anafika, akachukua kichana. Kwenye kioo, mama alijiona yeye mwenyewe, mdogo, likizoni.

Hatimaye zahanati ikatuma ujumbe: daktari wa mikono anatarajiwa.

Walifika mapema, watatu, wakaketi kwenye benchi la ukumbini. Mkubwa alikuwa amevaa sare ya shule, viatu vimepigwa rangi, mkoba wa vitabu magotini.

"Kwa nini umevaa hivyo?" mama akamuuliza.

"Akimaliza nawe asubuhi, nitawahi kipindi cha sayansi."

Muuguzi alikuwa amekwisha kumweleza Mama Wawili mambo mengine, pembeni. Kwamba akichanwa mkono mmoja, wa pili utangoja safari nyingine ya daktari. Kwamba baada ya hapo ni kupumzika miezi, na ganzi ya muda mrefu namna ile mara nyingi haiondoki yote. Kwamba huyo daktari ameahidi kuja mara mbili mwaka huu, na mara zote mbili gari liliharibika njiani. Mama Wawili alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akarudi kuketi. Hakuwaeleza watoto. Angeanzia wapi?

Jua lilipanda. Ukumbi ulijaa watu wenye mikono iliyofungwa, iliyopinda, iliyonyongea. Kila gari lilipopita barabarani, Chiriku alikimbilia dirishani.

"Si yeye," alisema akirudi. "Huyu amebeba saruji."

"Kaa chini, utachoka," mama akamwambia.

"Sichoki. Mama, daktari wa mikono ana mikono mikubwa?"

"Sijui, mwanangu. Sijamwona."

Mkubwa alifungua kitabu cha sayansi, akasoma midomo ikicheza, bila kutoa sauti. Kisha akakifunga haraka, akaweka mkoba begani, akainyoosha shingo kuelekea langoni, kwa sababu gari lingine lilikuwa limepunguza mwendo, na lilikuwa linakata kona kuja upande wao.