Munene Hasomi

Nilimutukana mama mwenye heshima zake mbele ya batu arobaini na saba, na siku ile sikukuwa hata namusema yeye.

Nilikuwa nasema PlayStation.

Mi Djo. Natengeneza simu na mashini ya michezo hapa soko ya Mantapala. Kinywa yangu inajulikana kuliko kazi yangu. Ukipita mbele ya meza yangu na kiatu imepasuka, utafika nyumbani na jina mupya.

Alhamisi moja Eddy, muuza samaki wa kisiwa ya Chisenga, akaniandikia. Anataka PlayStation 2 ya kupeleka kwao, kambi ya bavuvi. Nilikuwa nazo mbili: ile ya zamani yenye mwili, na ile ndogo iliyokuja nyuma.

"Djo, zinapitana nini?"

Mi zote niliisha kuzipa majina. Munene na Mwembamba.

Mukono moja ilikuwa na fer à souder, ile chuma ya moto ya kuunga waya. Na ile ingine nikabonyeza simu, nikamujibu kwa sauti:

"Munene asikudanganye na mwili, ndugu. Kusoma kunamushinda. Unamupa, anageuza-geuza, anakohoa, kisha anakwambia hajaona kitu. Mwembamba ukimupa tu, anasoma. Halafu kwenu muko na batri ya solar, na Munene anakula courant ya umeme sana. Mwembamba adaptateur yake inabakia inje, unaiacha, unamufungia batri na kale kaparei ka kupunguza moto ya umeme. Munene, mpaka umufungue skrubu na tournevis."

Nikatuma.

Dakika kidogo, simu ikaanza kulia bila kupumzika. Tusura twa kucheka, tusura twa kucheka mpaka machozi.

Haikuenda kwa Eddy. Ilienda kwenye grupe ya simu ya kwaya yetu.

Sasa sikia. Kwenye kwaya kuko Mama Laurentine. Ako na mwili mukubwa, na sauti ya kubeba wengine. Miaka mbili mi namuita Munene, na batu bote bakanifuata. Miezi sita ile alikuwa anaenda darasa ya bakubwa kujifunza kusoma, yeye na rafiki yake Yolande. Na Yolande ni mwembamba, upepo wa ziwa unamusukuma.

Jumapili ile Mama Laurentine njo alikuwa asome Zaburi mbele ya kanisa. Mara ya kwanza katika maisha yake. Ako na miaka makumi tano na mbili.

Ijumaa akatuma habari kwa pasta: hatasoma.

Jumamosi nikafunga ile mashini kwenye baiskeli, nikaenda kwake. Nilimukuta anamenya muhogo.

"Mama, ile sauti ilikuwa ya mashini. Ona, ni hii, CD njo inashindwa kusoma."

Hakuinua macho.

"Najua ni mashini. Mutu hafunguliwi na tournevis."

"Bon. Alors juu ya nini unakataa kusoma?"

"Djo, mule ndani tuko batu arobaini na saba. Kuko hata mumoja aliuliza Munene njo nani?"

Nikarudisha mashini kwenye baiskeli.

"Ile mashini, nani aliipa jina yangu?"

"Ni mi, mama."

"Na mi, nani alinipa?"

Nilitazama maganda ya muhogo kama batu banatazama barua ya deni.

"Sitaki ulie hapa kwangu," akasema. "Mahali ulisemea, njo pale ukatengeneze."

Nikarekodi sauti ingine ya grupe, pale pale kwenye kiwanja yake, akinisikia:

"Bapendwa, ni mi Djo. Naomba musamaha kwa Mama Laurentine. Nilimukosea mbele yenu. Anasoma vizuri, naomba kesho tumusikie."

Tukangojea, mi na yeye, macho kwenye simu.

Méschac, muimbaji wa sauti ya chini, njo alikuwa wa kwanza kujibu:

"Laurentine njo nani?"

Nyuma yake Léonie:

"Ah, si Munene."

Vicheko tena.

Mama akarudilia muhogo yake.

Jumapili Yolande njo alisoma ile Zaburi. Mama Laurentine alikuwa kwenye banki ya nyuma, Biblia wazi kwenye magoti. Midomo yake ilikuwa inatembea, na ilimutangulia Yolande kwa neno moja.

Ni mi peke yangu niliona.

Wewe mwenye kinywa kama yangu, nakuachia hii: ukimupa mutu jina ya kuchekesha, hata siku haumusemi, batu batamusikia. Na siku utatafuta jina yake ya kweli ili umuombe musamaha, utakuta hakuna tena mwenye kuijua.