Kuanzia Kiunoni Kwenda Juu

Siku aliyorudi kazini, Pimamaji aliamka mapema kuliko nyumba nzima. Hakuamshwa na hamu ya kazi. Aliamshwa na suruali. Siku hizi kuvaa suruali kulihitaji kupangiwa muda: mguu uliopasuliwa unaingia kwanza, unapumzika, kisha unafuata ule mzima, na wakati wote huo mtu ameshika ukingo wa kitanda kama anayevuka mto. Kitanda chenyewe kilikuwa kimepandishwa juu ya matofali, mawili kila mguu, ili asikae chini sana.

Jina lake halisi mafundi wenzake walikuwa wamelisahau zamani. Alikuwa fundi wa vigae vya sakafu, na kwa kuwa sakafu zake hazikuwa na bonde wala kilima, walimwita kwa jina la kile kifaa chenye povu ndani ya kioo, ambacho povu likikaa katikati unajua kitu kimelala sawa. Miaka ishirini na miwili ya kupiga magoti na kuchuchumaa ilikuwa imeisaga nyonga yake ya kulia mpaka mfupa ukawa unasugua mfupa. Miezi minne iliyopita madaktari waliitoa wakamwekea ya chuma. Maumivu ya zamani yaliondoka. Uliobaki ni uchovu, wa aina ambayo mtu anaamka nao asubuhi kama alilala nao kitanda kimoja.

Mke wake alimfunga kamba za viatu, kwa sababu yeye kuzifikia alikuwa bado hajaruhusiwa.

"Umekatazwa kupiga magoti," alisema akiwa chini pale pale.

"Sitapiga."

"Kuchuchumaa je?"

"Sitachuchumaa, Mama Watoto."

"Sasa vigae vya chini utaviwekaje? Utashusha shingo kama twiga?"

Swali hilo Pimamaji alikuwa amejiuliza mwenyewe miezi minne, na kila mara alilikimbia. Alichukua mkongojo wake nyuma ya mlango akatoka.

Jengo walilokuwa wanalimalizia lilikuwa la ofisi, la ghorofa tatu, na ngazi zake zilikuwa bado hazina vyuma vya kushikia. Alisimama chini akazitazama. Hospitali walimfundisha kwamba mguu mzuri hutangulia kupanda na mguu mbovu hutangulia kushuka. Alipanda hivyo, kidato kwa kidato, huku bega moja likisugua ukuta. Mpaka rangi, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika hata akiwa juu ya ngazi, alimwona kutoka mbali.

"Jamani, Pimamaji karudi! Lakini mbona povu limekaa upande mmoja?"

Watu walicheka. Pimamaji naye akacheka kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli: alitembea ameinamia upande wa mkongojo.

"Liache likae linapotaka," alisema. "Limetoka safari ndefu."

Shemeji yake, kaka wa mke wake, alimpokea juu akamkumbatia kwa mikono iliyojaa saruji. Wawili hawa walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na minane. Mpango wao haukubadilika: shemeji alikuwa mwepesi, kwa hiyo yeye ndiye aliyetangulia kuweka vigae vingi, Pimamaji alinyoosha mistari na pembe, na jioni alizunguka sakafu yote akigonga kila kigae kwa mpini wa mwiko, akisikiliza. Kigae kilichoshika vizuri kina sauti ngumu, fupi. Kilichoachwa na uwazi chini yake kinajibu kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Hakuna chumba walichokabidhi kabla hakijagongwa.

Msimamizi alikuja na karatasi zake kwapani. Alikuwa mtu wa haki lakini hakuwa na subira.

"Mzee, pole na hospitali. Nimekushikia nafasi miezi minne, unajua."

"Najua, Bosi. Nashukuru."

"Shukrani baadaye. Kuna fundi mwingine ananisubiri nimpe jibu. Chukua chumba hicho kidogo. Saa kumi nitakuja kuona kama unaweza. Ukiweza, tunaendelea. Ukishindwa, usinichukie."

"Siwezi kukuchukia."

"Basi haya."

Chumba kilikuwa cha hatua tano kwa nne. Pimamaji alipindua ndoo ya rangi, akaweka ubao juu yake, akakaa mguu wa kulia ukiwa umenyooka mbele kama mguu wa meza. Alijua kabisa kwamba ndoo ilikuwa fupi kuliko alivyoruhusiwa. Alijiambia ni kwa leo tu. Akatandaza saruji, akakwangua mistari, akalaza kigae cha kwanza, akakigonga kwa nyundo ya mpira. Mikono ilikumbuka kila kitu. Cha pili, cha tatu. Kwa nusu saa alikuwa mtu mwenye furaha, isipokuwa jasho lilikuwa jingi kuliko kazi.

Mstari wa pili ulipoisha alitaka kusogeza ndoo. Hakuweza kunyanyuka. Aliuegemea mkongojo, ukateleza kwenye saruji mbichi. Akajaribu kushika ukuta, ukuta ulikuwa mbali. Alikaa hivyo, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa, mpaka shemeji alipochungulia.

"Shem, mbona kimya?"

"Njoo uninyanyue. Usipige kelele."

Shemeji alimshika chini ya makwapa akamwinua kama gunia. Walipogeuka, msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. Haijulikani alikuwa hapo muda gani. Aliwatazama, akatazama mistari miwili iliyonyooka kabisa, akafuta uso kwa kiganja.

"Pumzika, Mzee. Tembea tembea. Saa kumi tutaongea."

Hapakuwa na haja ya kusubiri saa kumi. Pimamaji alijua jibu, na jambo lililomshangaza ni kwamba hakuhisi kutaka kulia wala kugomba. Alihisi kutaka kulala pale pale, juu ya mifuko ya saruji, na aamshwe mambo yote yakiwa yameshaamuliwa.

Nyonga ilikuwa imekaza. Alitoka kwenda kuinyoosha kwenye ukumbi wa upande wa pili, ambao shemeji aliumaliza peke yake wiki iliyotangulia. Sakafu ilikuwa nzuri. Ilipokea mwanga wa madirishani bila mkunjo. Alitembea polepole, mkongojo ukitangulia. Ko. Ko. Ko.

Bu.

Alisimama. Akarudisha mkongojo pale pale. Bu. Akagonga pembe ya kigae: ko. Katikati ya pembe na pembe: bu. Akasogea kigae cha jirani, nacho kikajibu vilevile. Alizunguka ukumbi mzima, mstari kwa mstari, akisahau kwamba mguu ulikuwa unamuuma. Alipofika ukutani alikuwa amehesabu vigae kumi na tisa, vingi vikiwa njiani kabisa, mahali ambapo kesho watu wangevuta makabati na meza nzito.

Hakuhitaji kubandua kimoja ili ajue. Saruji ilikuwa imewekwa kwa mabonge matano, manne pembeni na moja katikati, badala ya kutandazwa yote. Ni mtindo wa mtu mwenye haraka. Juu kigae kinaonekana kimelala vizuri, na siku kikipata uzito kinapasuka. Yeye na shemeji walikuwa wamewacheka mafundi wa mabonge miaka kumi na minane.

Akiwa bado amesimama hapo, msimamizi akapita ukumbini akiwa na simu sikioni. Aliishusha kidogo.

"Ukumbi huu naukabidhi kesho. Uko sawa, sivyo?"

Neno lilifika kwenye ulimi wa Pimamaji. Lingekuwa neno la kweli. Na msimamizi angejua kwamba hata mtu asiyeweza kukaa chini bado ana faida, tena kubwa.

"Bado naupitia," alisema. "Nipe mpaka saa kumi."

Msimamizi aliitikia kwa kichwa akaendelea na simu yake.

Shemeji alikuwa anakata vigae kwenye veranda ya nyuma. Pimamaji alingoja mashine inyamaze.

"Shem, ule ukumbi umeugonga?"

"Nani wa kugonga? Mgongaji si alikuwa kitandani?"

"Nimeugonga mimi sasa hivi. Kumi na tisa."

Shemeji aliweka kigae chini taratibu. Uso wake wote ulikuwa mweupe kwa vumbi, macho tu ndiyo yaliyokuwa na rangi.

"Umeshamwambia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nimekuja kwako kwanza."

Shemeji alikaa juu ya rundo la vigae. Alikaa chini bila kufikiri, magoti yakikunjuka na kukunjika kama kawaida, na Pimamaji alimwonea wivu kwa hilo tu.

"Sikiliza basi," shemeji alisema. "Kila asubuhi ananiuliza, mwenzako anarudi lini. Namjibu wiki ijayo. Miezi minne ya wiki ijayo! Ningepunguza mwendo hata siku mbili, angeleta mtu. Kwa hiyo nikawa nafanya ya watu wawili. Asubuhi natandaza vizuri. Ikifika saa tisa mikono imekufa, na ukumbi bado mkubwa. Nikaweka mabonge. Nikasema ukirudi utagonga, tutarekebisha. Hukurudi haraka."

"Sikurudi haraka," Pimamaji alikubali.

Huko chini, yule mpaka rangi alikuwa akiimba kitu kisicho na mwanzo wala mwisho. Pimamaji alitaka kukasirika, ingefaa kukasirika, lakini hakupata pa kuanzia. Vile vigae vilikuwa na uwazi chini kwa ajili ya kumlindia nafasi yake.

"Ungeniambia," alisema mwishowe.

"Ningekuambia hospitalini? Ulikuwa umefungwa mto katikati ya miguu kama mtoto."

Pimamaji akacheka bila kutaka. Kisha akasema, "Chukua tindo na nyundo. Mimi nitaweka alama."

Walianza saa saba. Pimamaji alifunga kipande cha chaki kwenye ncha ya mkongojo kwa utepe wa gundi, na kila aliposikia bu alichora msalaba bila kuinama. Shemeji alibandua. Vigae vyenye uwazi hutoka kwa urahisi, vitatu tu ndivyo vilivyovunjika. Saruji Pimamaji aliichanganya akiwa amesimama, ndani ya karai lililowekwa juu ya pipa. Hawakula. Saa kumi ilipofika, vigae kumi na vinne vilikuwa vimerudi mahali pake na vitano bado ni mashimo.

Msimamizi alifungua mlango akabaki ameshika kitasa.

"Hiki ni nini?"

Shemeji alifungua mdomo. Pimamaji alimtangulia, yeye ambaye kwa kawaida angependa mtu mwingine aseme.

"Vilikuwa vitupu chini, Bosi. Sakafu hii ilifanywa kwa haraka kwa sababu mtu mmoja alifanya ya wawili, na wa pili ni mimi. Tunairudia wenyewe. Leo itaisha."

"Nakabidhi kesho!"

"Ndiyo maana tunairudia leo."

Msimamizi aliingia, akakanyaga penye usalama, akaitazama misalaba ya chaki. "Nani kavigundua?"

"Mkongojo wake," shemeji alisema. "Anatembea anasikia."

Hasira ya msimamizi ilipanda mpaka shingoni, ikakaa hapo, kisha ikaanza kuteremka huku akifikiri.

"Mzee, kazi ya chini huwezi. Nimeona mwenyewe. Lakini nina mafundi sita humu. Uwe unapita na huo mkongojo nyuma yao, kila jioni unaniletea majina."

Ilikuwa kazi, tena ya kusimama, na kiti angepewa. Pimamaji aliiona mbele yake jinsi ambavyo ingekuwa: vyumba vikinyamaza mara tu ko, ko, ko inaposikika kwenye ngazi. Shemeji yake naye angenyamaza.

"Ya kwangu nitagonga," alisema. "Ya wenzangu wakiniita nitakuja. Majina sitaleta."

"Basi nikupe kazi gani?"

"Kuta za vyoo. Kuanzia kiunoni kwenda juu. Napigilia ubao ulionyooka ukutani, naanzia hapo, napanda. Kusimama naweza."

"Na chini ya kiuno?"

"Mimi," shemeji alisema akiwa bado amepiga magoti. "Nikimaliza sakafu."

Msimamizi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Sasa hapa nina mafundi wawili au mmoja?"

"Mmoja na nusu," shemeji alijibu.

"Na nusu ni nani?"

"Inategemea na ukuta."

Msimamizi hakucheka, ila karatasi zake alizihamisha kutoka kwapa moja kwenda jingine. "Vyoo ni kumi na viwili," alisema. "Vikiisha, tutaona. Siahidi zaidi ya hapo. Na huu ukumbi nitaugonga mimi mwenyewe asubuhi."

"Ugonge, Bosi."

Alipoondoka hawakupongezana. Kulikuwa na mashimo matano. Walipomaliza la mwisho, Pimamaji alizunguka tena ukumbi wote, akipita pembeni mwa vile vibichi, mpaka ikawa ko, ko, ko kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mguu ulikuwa umevimba, kiatu kimebana. Vyoo kumi na viwili. Baada ya hapo hakujua, na kwa leo hakuwa na nguvu ya kutaka kujua.

Kwenye ngazi shemeji alitangulia akishuka kinyumenyume, mikono wazi, kama anayemfundisha mtoto kutembea.

"Acha hivyo, watu wanatuona."

"Ukianguka watatuona zaidi. Mguu mbovu kwanza."

"Najua."

Mpaka rangi alikuwa chini anaosha brashi. "Haya, Pimamaji! Povu limerudi katikati?"

"Bado," alisema, akateremsha mguu wa chuma kidato kimoja, akapumua, akauletea mwenzake.

Nyumbani mke wake alipiga goti kumfungua viatu. Aliona saruji kwenye mshono wa suruali, mahali ambapo mtu aliyesimama kutwa hawezi kuchafuka.

"Ulikaa chini."

"Kwenye ndoo. Mistari miwili tu."

"Na kesho?"

"Kesho ni ukutani," alisema, na kabla kiatu cha pili hakijatoka alikuwa amesinzia.