Jeki na Salamu za Baba Mkubwa

Harufu ya grisi iliyochanganyika na mchanga mbichi hunirudisha Chanika, masika ile kaka yangu Maganga alipoleta nyumbani gari lililokatwa springi. Alikuwa amelinunua kwa jasho lake la udereva, gari dogo jeupe lenye umri mkubwa kuliko wangu, na kabla hata hajatuonyesha akalipitisha kwa mafundi wa Temeke wakalishusha mpaka tumbo lake likakaribia kugusa ardhi. Kwa vijana wa mtaani hilo ndilo lilikuwa gari. Kwa Baba, karani aliyefunga vifungo vya shati mpaka shingoni hata siku za joto, ulikuwa wendawazimu. "Mtu ananunua gari zima, halafu anamlipa fundi alipunguze," alisema. Mimi nilikuwa na miaka tisa na niliona kaka na Baba wote wana haki, jambo lililonichanganya. Barabara ya kwetu ilikuwa mashimo matupu, na kila jioni tulisikia tumbo la gari likikwaruza chini kabla hatujaliona. Mama aliyekuwa jikoni angesema tu, "Kaka yako huyo anakuja," kisha akaongeza maji kwenye mchuzi.

Lazima nieleze kwanza tulivyolelewa, maana bila hilo hamtanielewa. Sisi asili yetu ni Tabora. Baba alihamia Dar es Salaam akiwa kijana, akaacha mengi njiani, lakini salamu hakuziacha. Mkubwa akiingia, unakatisha unachofanya, unaweka chini ulichoshika, mtoto wa kike anapiga goti, ndipo unasema shikamoo. Kumsalimia mtu mzima huku umeshika ndoo au jembe, kwa Baba, ilikuwa sawa na kumtukana. Watoto wa jirani walinicheka nilipopiga goti njiani kwenye matope, ila fimbo ya Baba haikuwa na utani. "Heshima si utumwa," alikuwa akituambia, nami niliyatazama magoti yangu yenye tope nikajaribu kuamini.

Jumapili moja tulipotoka kanisani, bomba la moshi la gari lile lilichomoka kwa nyuma likawa linaburuzwa. Maganga alitaka kulifunga kwa waya mchana ule ule, kwa sababu kesho yake alikuwa na safari ya kazi. Shida ikawa moja: gari lilikuwa chini mno hata jeki haikuingia. Baba, ambaye hakujua lolote kuhusu magari ila aliyaogopa yote, akashauri watandike mbao mbilimbili nyuma ya magurudumu, gari lirudishwe nyuma lipande juu yake, ndipo nafasi ya jeki ipatikane. Leo najua kwamba alikuwa sahihi. Maganga aliona huko ni kupoteza muda. Akawaita majirani wawili, Baba Asha aliyeuza mkaa na kijana mmoja aliyeitwa Side, walinyanyue gari kwa mikono. "Haraka haraka haina baraka," alisema Baba, lakini na yeye akakunja mikono ya shati.

Wakalinyanyua kwa nyuma kwa kelele nyingi kama watu wanaotoa ng'ombe shimoni. Maganga akasukumia jeki chini ya gari, juu ya kipande cha mbao, maana uwanja wetu ulikuwa mchanga mtupu, na Baba akaanza kuzungusha mpini. Gari likapanda. Jeki nayo ikaanza kuinama upande. Hakuna aliyekumbuka kuweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, basi Baba Asha na Side wakabaki wamelishikilia gari kwa mikono ili lisisogee. Kazi yangu mimi ilikuwa kulaza tairi la akiba na kulisukuma chini ya ubavu wa gari, ili jeki ikisaliti kuwe na kitu cha kulipokea. "Dogo, usiliachie hilo tairi mpaka liingie lote," Maganga aliniambia. Tairi lilikuwa zito na mchanga ulinikwamisha, na yeye hakunisubiri. Kichwa na kifua chake vilikuwa tayari chini ya gari.

Hapo ndipo tuliposikia hodi. Alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake Baba wa kwanza kuzaliwa, ametoka Tabora kwa basi bila taarifa, begi begani na kuku wawili mkononi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Sijui kama waliwahi kuona mwenyeji aliyelala chini ya gari. Baba aliachia mpini, akasimama, akajipangusa viganja kwenye suruali yake ya kanisani. Baba Asha alipoona mwenyeji kasimama na yeye akaachia, Side akafuata, wote wakajipanga wima mbele ya mzee yule. "Shikamoo kaka." "Shikamoo mzee." Nakumbuka nilivyomtazama Baba Mkubwa, nikalitazama tairi, na magoti yangu yalikuwa tayari chini lakini hayakuelekea kwake. Nikasukuma. Tairi likaingia, na gari likajongea mbele kidogo, jeki ikalala, chuma kikatua juu ya mpira kwa mshindo uliowafanya kuku wapige kelele.

Kisha Mama akapiga ukunga kutoka mlangoni, na wanaume wakalirudia gari wakalinyanyua, na Maganga akajivuta nje akiwa mweusi kwa grisi na mweupe kwa mchanga. Kati ya kifua chake na lile gari palibaki nafasi ya kiganja tu. Unajua alifanya nini? Alitembea mpaka kwa Baba Mkubwa, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo Baba Mkubwa." Mzee akaitikia marahaba, akamuuliza habari za kazi.

Jioni Baba aliniita, akaniuliza kwa nini sikumsalimia mgeni. Nilipojaribu kueleza habari za tairi akaniambia kwamba mtoto hajibizani, nikachapwa fimbo za miguuni. Nilitoka pale nikilia, na nje nikamkuta Maganga ameninunulia soda baridi. Akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikaumia. "Dogo, bila wewe mie nisingekuwepo," akasema. Nikainywa ile soda huku miguu inaniwaka, na sikuelewa kama siku ile nilikuwa mtoto mwema au mtoto mbaya. Niliwakasirikia wote.

Asubuhi yake niliamka nikamkuta Baba uwanjani, amevaa nguo za ofisini, amepiga magoti kwenye mchanga kando ya gari lililokuwa bado limekaa juu ya tairi. Alikuwa ameingiza mkono kwenye ile nafasi iliyobaki, anapima kwa kiganja, anautoa, anauingiza tena. Nilifungua mdomo nitoe shikamoo, akaniwahi. "Umeamkaje, mwanangu?" akasema. Katika maisha yangu yote Baba hakuwahi kunisalimia kabla sijamsalimia. Nilirudi ndani nikajifanya natafuta mswaki.

Baba ameshatangulia mbele ya haki na hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Mimi naishi Mbezi Luis, na Maganga ana gereji yake Mikocheni yenye sakafu ya zege na stendi za chuma za kushikilia magari yaliyonyanyuliwa, na hakuna fundi wake anayeingia chini ya gari kabla hajalitikisa kwanza kwa mikono. Kwa hilo yeye ni mkali kuliko Baba. Mwezi uliopita nilimtembelea, nikamkuta chini ya gari, binti yake mdogo kachuchumaa pembeni akimshikia taa. Sauti ya kaka yangu ikatoka chini ya chuma: "Wewe, shangazi yako huyo! Weka taa chini, kasalimie!" Mtoto akaiweka taa, akaja mbio, akapiga goti mbele yangu vizuri kabisa, kama nilivyofunzwa mimi. Macho yangu yalikuwa kwenye zile stendi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikazifupisha salamu, ili mtoto arudi kumshikia baba yake taa.