Do Inayohama

Ukifunua kifuniko cha piano ya kanisani kwetu, kabla hujabonyeza chochote ulikuwa ukipigwa na harufu. Ilikuwa harufu ya mbao zilizokunywa unyevunyevu wa bahari kwa miaka mingi, ya naftalini ambayo mtu fulani aliitupia ndani kufukuza panya, na ya nta ya mishumaa iliyowahi kudondoka juu yake na kukwanguliwa kwa kisu. Piano hiyo ilikaa katika ukumbi wa nyuma wa kanisa moja katikati ya Durban, mitaa michache tu kutoka fleti tuliyokuwa tukiishi. Majira ya baridi ya mwaka 2008, nilipokuwa na miaka tisa, harufu hiyo ndiyo iliyoniambia kila mchana kwamba nimetoka shule na nimefika salama. Mpaka leo nikifungua piano yoyote, hata mpya ya dukani, pua yangu inaitafuta kwanza, na nisipoipata naona kama nimepunjwa.

Papa, baba yangu, alikuwa mwalimu wa kwaya kule Uvira, Kongo, kabla hatujakimbia. Durban alikuwa mpakiaji wa makasha katika ghala moja la Mobeni, na Jumapili mchana alipiga piano kwenye ibada ya Wakongomani, baada ya Wazulu kumaliza yao ya asubuhi. Kati ya vitu vichache vilivyovuka mipaka pamoja naye, ndani ya mfuko wa plastiki uliobeba pia vyeti vyetu vya ubatizo, kilikuwamo kitabu cha noti kisicho na jalada. Vilikuwa vipande vifupi vya piano, vingine havijazi hata ukurasa, vya mtunzi mmoja Mjerumani wa karne ya kumi na tisa. Jina lake lilikuwa limechanika pamoja na jalada. Nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima, lakini nyumbani yeye alibaki Mjerumani tu, na kitabu chake kiliitwa Vipande. Niliulizwa kama nimefanya Vipande kwa sauti ile ile niliyoulizwa kama nimepiga mswaki. Papa alinieleza kwamba Mjerumani hakuwaandikia watoto. Aliwaandikia wakubwa wanaokumbuka walivyokuwa wadogo, kwa hiyo kuna kipande cha watoto wanaokimbizana, cha mtoto anayebembeleza apewe kitu, cha mtoto aliyeingiwa na hofu, cha mtoto anayesinzia. Mimi nilikuwa mtoto kamili na sikuona kwa nini kusinzia kupigiwe kwa huzuni kiasi kile. Niliamua kwamba Mjerumani alikuwa na matatizo yake.

Papa alinifundisha kama alivyofundishwa na mapadri, kwa do, re, mi. Kwake do ilikuwa kibao kimoja tu, kile cheupe kilicho kushoto mwa vyeusi viwili, na hakikuwa na ruhusa ya kwenda popote. "Do ni do," alisema, "hata nikikuamsha katika usingizi." Mimi naitwa Sifa, na Papa hakuchoka kunikumbusha kwamba jina langu ni noti mbili. Alikuwa akiita si, kisha fa, kwa vidole viwili, na kunitazama akingoja nifurahi. Sikufurahi. Ukizijaribu kwenye piano utaona mwenyewe: ni sauti mbili zisizopatana, zinazoning'inia hewani na kukuacha na roho juu. Nilimwuliza kwa nini hakuniita Domi, au hata Lala. Alicheka mpaka akatoa leso. Mimi niliendelea kuamini kwamba mtu mwenye jina la namna hiyo hawezi kukosa kuwa na wasiwasi.

Halafu kulikuwa na Mam' Nomusa, aliyeongoza kwaya ya Kizulu ya asubuhi, mama mnene mwenye kicheko kilichosikika hadi kwenye roboti, kama wanavyoziita kule taa za barabarani. Mchana nilipotoka shule nilimkuta ukumbini akipanga mambo ya kwaya yake, na yeye ndiye aliyekuwa akinitunza hadi Mama amalize kusuka nywele saluni na kuja kunichukua. Siku moja waimbaji wake walipokuwa wakijiandaa, aliniambia niwape do. Nikabonyeza do. Wote wakacheka. "Hhayi, Sifa," alisema, akausogeza mkono wangu mbali kabisa kuelekea kulia. "Leo do iko hapa." Kumbe kwa Wazulu, na kwa kwaya nyingi za nchi ile, do haina kibao chake. Do ni pale wimbo unapofanya makao yake, na wimbo mwingine ukija, do inafungasha na kuhama. Wiki iliyofuata ilikuwa imehamia kwingine tena. Tumbo liliniuma, nasema kweli. Mtoto ambaye ameshabadilisha nchi na nyumba kiasi kile hafurahishwi na habari kwamba hata do inahama. Na kama vile haitoshi, noti ambayo sisi tunaiita si, wao wanaiita ti. Mam' Nomusa akanibatiza upya hapo hapo. "Kwetu wewe ni Tifa," alisema, na kwaya nzima ikaniita hivyo. Alinieleza kwamba ti haiwezi kukaa peke yake, muda wote imeegemea mlango wa do inataka kuingia ndani. Hilo nililielewa.

Habari mbaya zilianzia Johannesburg, kwenye televisheni ya jirani, kisha zikashuka hadi kwetu. Watu walikuwa wakiwafukuza wageni. Sijui nilielewa nini hasa, ila najua nilivyoona: Mama alikunja vitenge vyake vyote na kuviweka chini ya godoro, akaanza kuvaa sketi ya jinzi ambayo haikumpenda. Tukakatazwa Kiswahili ndani ya teksi, na Kifaransa kwenye simu barabarani, na kwa kuwa Kizulu chetu kilikuwa cha kuombea chumvi, maana yake tulikaa kimya. Ilisemekana kwamba hao watu wakikutilia shaka wanagusa kiwiko chao na kukuuliza kinaitwaje kwa Kizulu. Kwa hiyo wakati wa kula, sahani ya ugali katikati, tulikuwa tukishika viwiko na kurudia: indololwane, indololwane. Papa alilisema kwa mkazo wa padri anayesoma injili. Mimi na Mama tulicheka siku ya kwanza. Siku zilizofuata hatukucheka.

Ilisemekana pia kwamba wanagonga milango wakiita watu kwa majina, na wengine wameokota maneno ya Kiswahili. Ndipo jioni moja Papa akaweka sheria. Hatagonga wala kuita. Atapiga mluzi mwanzo wa kipande cha kwanza cha Mjerumani, na mwishoni ataongeza si na fa, jina langu. Mwingine yeyote asifunguliwe, hata aseme ni nani. Alipiga mluzi huo kama alivyofanya kila kitu cha muziki, sauti zote mahali pake, do ikiwa do. Mimi nilikuwa na masikio ya kuonea fahari na nilijua kila noti inapoanzia. Kuanzia jioni hiyo maisha yangu yote yakawa ni kungoja mluzi. Nilikuwa nikienda ukumbini na kupiga kipande kile cha kwanza mara nyingi kuliko Mam' Nomusa alivyoweza kuvumilia, kwa sababu nilikuwa nimejipangia, bila kumwambia mtu, kwamba nikikosea Papa hatarudi. Kipande chenyewe ni chepesi na kipole. Nilikipiga huku meno yangu yakigongana.

Siku yenyewe Mama alikuja kunichukua mapema. Saluni ilikuwa imefungwa na mjini watu walikuwa wakikimbia. Mam' Nomusa alivaa koti lake, akanishika mimi mkono na Mama akampitishia mkono kwapani, akatutembeza hadi kwetu akiongea Kizulu kwa sauti ya juu njia nzima, habari za bei ya nyama na binti yake asiyempigia simu, ili kila anayepita asikie. Kazi yangu ilikuwa kuitikia, "Yebo, Gogo," ndiyo, Bibi. Niliitikia hata alipokuwa akivuta pumzi. Mlangoni petu alinibana kifuani, akasema tujifungie, akarudi peke yake.

Tukafunga komeo, tukaweka mnyororo, tukasukuma meza. Kisha tukakaa sakafuni kusikiliza. Simu ya Papa haikupatikana. Mchana ulikuwa mweupe kabisa, jua limeingia hadi kwenye kapeti, na hilo liliniudhi; niliona kwamba siku mbaya ingepaswa kuwa na giza. Saa ya kurudi kwake ilipita. Juu yetu milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, mtoto wa jirani akaanza kulia na akazibwa mdomo. Toka barabarani zilipanda kelele za wanaume wengi, wakiimba. Nitasema jambo ambalo sijapata kumwambia Mam' Nomusa: waliimba vizuri, kwa sauti nne, na do yao ilikuwa thabiti kabisa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Nyayo zikaja kwenye korido, nzito, za kuburuta. Zikasimama mlangoni petu. Nikangoja mluzi, na mluzi haukuja. Badala yake alisikika mtu akiguna kwa chini, kama mtu anayeumwa tumbo, anapanda na kushuka.

"Hapana ye," Mama alininong'oneza. "Papa yako anapigaka mluzi. Huyu anaguna tu. Usisogee."

Kweli, hakuwa yeye. Kila sauti niliyoisikia ilikuwa mahali pasipo pake, zote chini, hakuna hata moja niliyoweza kuiita kwa jina lake. Mtu aliguna tena, taratibu zaidi, na nyuma yake kelele za barabarani zilikuwa sasa ndani ya ngazi. Mwishoni zilikuja sauti mbili peke yake. Hazikuwa si wala fa. Lakini zilining'inia. Ziliachana kwa umbali ule ule mbaya ninaoujua tangu nizaliwe, na zikaniacha na roho juu, na papo hapo nikamwona Mam' Nomusa akiusogeza mkono wangu.

"Mama, ni Papa."

"Nimekuambia hapana ye!"

"Ni ye! Do imehama tu. Wimbo ni ule ule. Ameniita, Mama, amesema Sifa."

"Nini imehama?"

"Do!"

Mama hakujua muziki. Do kwake ilikuwa kelele za mumewe na binti yake. Alikuwa na mkono mmoja kwenye mnyororo, na mwingine ameshika kisu cha kukatia mboga, na alinitazama mimi, mtoto wa miaka tisa, kama mtu anayesoma uso wa daktari.

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

Akavuta meza, akafungua. Papa aliingia kwa kuanguka, na Mama akafunga komeo kabla hata ya kumgeukia. Midomo yake ilikuwa imepasuka na kuvimba, na meno ya mbele hayakuwepo. Hakuna mdomo wa namna ile unaoweza kupiga mluzi. Tulimlaza kwenye kapeti, pale kwenye jua, na waimbaji wakapita koridoni kwetu wakipiga milango kwa fimbo, wakaendelea juu. Mkono wa Papa ulikuwa juu ya kichwa changu, ukigonga kitu kwa vidole viwili, na nilijua ni nini.

Alitueleza baadaye, alipoweza kusema. Walimshusha kwenye teksi na kumwuliza kiwiko. "Neno nilijua," alisema. "Ni wimbo yake nilikosa." Kizulu kina kupanda na kushuka kwake, na mwalimu wa kwaya wa Uvira, aliyelirudia neno lile mbele ya ugali hadi tukamchoka, alilitamka kwa sauti za kwao.

Leo nafundisha muziki katika shule moja ya Pinetown. Wanafunzi wangu Wazulu huja na do ya kuhama, wengine huja na noti za herufi, C, D, E, na mara mojamoja anaingia mtoto wa Kikongomani mwenye do iliyopigiliwa misumari. Ninawafundisha yote, na hakuna anayeumwa tumbo. Siwezi kusema mambo yale yamepita. Mwaka 2015 yalirudi, na Mama alikunja tena vitenge vyake. Lakini nyumba yangu ina geti la umeme, kengele, na kioo kidogo cha kamera kinachonionyesha sura ya anayekuja. Ningeweza kuishi bila kusikiliza. Sijafaulu.

Papa huja Jumapili mchana. Ana meno ya bandia, na mluzi hukataa nusu ya siku, kwa hiyo husimama nje ya geti na kuguna. Kila mwaka anaanza chini zaidi. Sasa do yake imeshuka hadi mahali ambapo piano ya kanisani ilikuwa na vibao vilivyokufa. Wiki iliyopita mwanangu mdogo alimwuliza kwa nini habonyezi kengele kama watu wengine.

"Kengele inamulilia kila mutu vilevile," alisema.

Mtoto akaridhika, akakimbilia ndani. Yeye ameukuta wimbo huu nyumbani na anadhani kila babu duniani ana wa kwake. Mimi husimama jikoni, mikono ina unga, namwona Papa kwenye kioo wazi kabisa, kofia yake, mfuko wake wa machungwa. Namwona, lakini mkono haugusi kitufe. Nangoja hadi afike kwenye zile mbili za mwisho, popote alipozihamishia safari hii, ndipo nafungua.